Waraka kwa Wenye Jedwali la Saizi

Kwenu waheshimiwa waunda na wauzaji wa viatu vya dansi ya Kiayalandi, popote karakana na maduka yenu yalipo.

Baada ya kuwaombea baraka katika biashara yenu (ambayo, nikitazama bei, haina dalili ya kupungukiwa baraka), naomba kuwaandikia juu ya jambo dogo. Ni dogo kweli: halizidi unyayo wa mtoto wa miaka tisa. Mimi ni mama mwenye asili ya Tanga, makazi yangu Dublin, na binti yangu hucheza dansi hii kila wiki katika ukumbi wa mtaa wetu. Najua hamsomi Kiswahili. Hilo lisiwasumbue, jedwali lenu la saizi limeandikwa kwa namba tupu na bado sijakutana na aliyelielewa. Waraka huu watausoma wazazi wenzangu, nao watawafikishia yaliyo ya maana.

Kwanza shukrani, maana mgeni haanzi kwa lawama. Ngozi yenu ni nzuri na mishono imenyooka. Kile kiatu laini cheusi cha wasichana, ambacho wengine hukiita ghillie na wengine pampu, mguu uliokivaa ukinyooshwa hewani hata mimi nisiyejua kutofautisha dansi za rili na slipu-jigi huacha mazungumzo nikatazama. Kiatu kigumu nacho, chenye ncha na kisigino cha faibaglasi, kinatoa mlio ambao wachezaji wa zamani waliutafuta kwa kupigilia misumari kwenye soli za ngozi. Faibaglasi ilipoingia miaka ya 1980 mlio ukawa mkali na kiatu kikawa chepesi. Kazi hiyo mliifanya vizuri na sina neno nayo. Neno nililo nalo ni juu ya karatasi inayokuja na kiatu.

Karatasi yenyewe huanza kwa upole: chagua namba yako ya kawaida. Chini yake, kwa herufi ndogo, inasema kwamba kwa kiatu laini ni bora kupunguza namba moja, au mbili. Chini zaidi, kwamba mwenye mguu mpana aongeze nusu. Chini kabisa, karibu na ukingo ambako mkono wa mchapaji ulikuwa umeshachoka, kwamba mwenye shaka amuulize mwalimu wake. Kwa hiyo mtoto anayevaa namba 2 ya Uingereza anaweza, kwa baraka zenu, kununua 13, 1, 2 au 2 na nusu, na jedwali litakuwa limesema kweli kila mara. Sijawahi kuona shahidi mwangalifu kiasi hicho, hata mahakamani.

Msomaji atashangaa nimehesabuje, kutoka 2 kwenda 1 kisha 13. Sikukosea. Uingereza na Ayalandi namba za viatu zinapanda kwa theluthi moja ya inchi, kama milimita 8 na nusu, kipimo kilichotokana na punje ya shayiri, kwa kuwa kwa sheria za kale za Waingereza punje tatu zilifanya inchi moja. Viatu vya watoto huanza kuhesabiwa kutoka inchi 4, vinapanda hadi 13, halafu hesabu inaanza upya na 1 ya wakubwa. Ndiyo kusema mtoto wa namba 13 akikua vizuri, akala, akalala, mwakani anakuwa namba 1. Wamarekani wana hatua ileile ya theluthi ya inchi lakini wanaanzia pengine, na wanawake wana ngazi yao, hivyo dada wa namba 5 mjini Cork akifika Boston anakuwa 7 au 7 na nusu bila mguu kuongezeka hata ukucha. Bara la Ulaya wanatumia theluthi mbili za sentimita. Ndizo hizo namba 36, 38 na 40 tulizozizoea sisi kwenye mitumba. Nyinyi mnayachapa mataifa haya yote kwenye mstari mmoja, mkikadiria namba hadi nusu iliyo karibu, kana kwamba punje ya shayiri na theluthi mbili za sentimita zimewahi kukutana mahali zikakubaliana.

Nawaelewa lakini. Dansi yenu haikai nyumbani. Waayalandi walihamia Uingereza, Marekani na Australia, wakaenda nayo. Mashindano ya dunia yanayoendeshwa na tume ya dansi hii, An Coimisiún le Rincí Gaelacha, yalianza hapa Dublin mwaka 1970, mwaka 2002 yakavuka maji hadi Glasgow, na mwaka 2009 yakafika Philadelphia. Katikati ya safari hiyo, tarehe 30 Aprili 1994, Jean Butler na Michael Flatley walitokea jukwaani kwenye mapumziko ya mashindano ya nyimbo ya Eurovision, katika ukumbi wa Point hapahapa Dublin, kwa dakika chache za onyesho la Riverdance, na tangu hapo watoto ambao hata babu yao hakuwahi kuionja mvua ya Galway wanataka viatu hivyo. Mnauza dunia nzima. Mteja wenu wa Chicago hajui 13 yenu, na wa Stuttgart hajui 7 ya Chicago. Ningetarajia basi watu walio katika hali hiyo waache kuuza kwa namba.

Tatizo ni hilo neno *kawaida*. Kiatu cha kutembelea huachiwa nafasi mbele ya vidole, na kila kiwanda huacha kiasi chake. Mmoja anaacha upana wa kidole, mwingine anaacha nusu yake, wa tatu anatengeneza raba pana kama mtumbwi. Kiatu laini cha dansi hakitakiwi kuwa na nafasi hiyo hata kidogo. Kwa hiyo mnapotuambia tupunguze namba mbili kutoka ile ya kawaida, mnatutaka tutoe tarakimu kamili kutoka kwenye kitu ambacho hamkijui na sisi hatukijui. Binti yangu ana raba za shule, viatu vya sherehe na mabuti ya mvua, kila kimoja kina namba yake, na vyote vinamtosha. Kipi katika hivyo ndicho kawaida yake? Jedwali limekaa kimya, na kwa mara ya kwanza naliona lina busara.

Kule kwetu, mzazi wa kijijini akimwagiza mtu viatu vya mtoto kutoka mjini, hampi namba. Anamsimamisha mtoto chini, anakata kijiti au uzi sawa na unyayo wake, kutoka kisigino hadi kidole kilichotangulia, na kumpa msafiri. Msafiri anaingia dukani, anakitia kijiti ndani ya kiatu, kinalala au hakilali. Mwenye duka anaweza kusema kiatu hicho ni namba ngapi apendavyo. Ndivyo ninavyopima hapa Dublin, ila kijiti nimekibadilisha na karatasi, penseli na rula. Napima jioni, kwa sababu mguu hujaa kidogo kutwa nzima. Mtoto anasimama kwa uzito wake wote, maana mguu ulioning'inia kitini ni mfupi kuliko uliobeba mwili. Penseli naishika wima, nisije nikachora chini ya mguu, na miguu yote miwili napima, kwa sababu mara nyingi haifanani. Soksi anavaa zilezile atakazochezea: zile nyeupe nene zenye vinundu kama mapovu, zinazogandishwa kwenye ngozi ya mguu kwa gundi siku ya mashindano, si soksi nyembamba za mazoezi. Tofauti ya soksi hizo mbili mtu mzima anaweza kuipuuza. Kwenye kiatu kinachobana kama hiki mtoto ataisikia kabla hajafika jukwaani.

Halafu kiatu chenyewe, na hapa niruhusuni nikawie, kwa sababu wauzaji wenu wengi hawakawii. Katika dansi hii mikono imeshuka ubavuni na kiwiliwili kimetulia. Mwamuzi hana pa kutazama ila miguu. Kiatu laini kinapokaa sawa, vidole vinagusa ncha vikiwa vimelala bapa. Havikujikunja na havikupandana. Mwambie mtoto anyooshe mguu. Chini ya upinde wa unyayo ngozi ifuate mguu. Ikining'inia kama mfuko, kiatu kimepwaya na upinde mzuri aliohangaika nao mwaka mzima hauonwi na mtu. Nyuma ya kisigino jaribu kubana ngozi kwa vidole viwili. Ukipata ya kushika, rudisha kiatu. Kisha funga kamba na utazame juu ya mguu: vitanzi vya pande mbili visikutane. Vikikutana kiatu kikiwa kipya, hakuna tena pa kukaza, na ngozi hii lazima itatanuka. Vikiachana kidogo, kuna akiba ya miezi. Jambo hili la vitanzi ndilo lenye faida kuliko safu zote za namba, na linamalizika kwa sekunde tano. Sijaliona kwenye jedwali lenu. Labda halikupata nafasi, kwa ajili ya Stuttgart.

Wavulana wao, kwa kuwa kiatu chao cha rili kina soli na kisigino cha kugonga, hawana vitanzi vya kusoma. Kwao tazameni kisigino, kisiteleze, na yaliyobaki ni yaleyale ya kiatu kigumu.

Kiatu kigumu kina tabia nyingine. Ngozi yake ni nene, soli haikunjiki kwa urahisi siku za kwanza, na anayedhani kitatanuka kama kile laini atasubiri sana. Hapa vidole havihitaji kusukumwa ukutani, lakini visiwe mbali na ncha pia. Sababu mnaijua kuliko mimi: ile ncha ya faibaglasi ndiyo inayopiga sakafu, na ikiwa kati ya kidole na ncha kuna uwazi, mguu unatangulia na kiatu kinafuata. Mlio uliopaswa kuwa mmoja, tak, unakuwa ta-tak. Funga macho umsikilize mtoto akicheza hornpaipu na viatu vikubwa: hatua zote sahihi, na kila moja imechelewa kidogo, kwa kipimo kilekile, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwamuzi anaandika kwamba muda wake si mzuri. Mzazi anamlaumu mpiga akodiani. Na kisigino kikicheza ndani ya kiatu, ile migongano ya kisigino kwa kisigino hewani inakosana, au inakutana na kifundo cha mguu, na hapo mtu hahitaji mwamuzi kujua kuna kosa.

Sasa nije kwa maneno ya dukani, ambayo nimeyasikia kutoka kwa zaidi ya mmoja wenu, na nawasifu kwa umoja. Kiatu kikimbana mtoto hadi machozi: "Ngozi itatanuka." Kiatu kikimpwaya: "Weka soli ya ndani." Nimejaribu kufikiria mguu ambao muuzaji wa namna hiyo angekataa kuuuzia, na nimeshindwa. Lililo kweli ni kwamba ngozi ya kiatu laini hutanuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Vidole vilivyojikunja leo vitaendelea kujikunja, isipokuwa vitakuwa vimezoea. Na soli ya ndani huinua mguu juu ndani ya kiatu, ikapunguza nafasi ya juu, huku uwazi wa mbele ukibaki palepale ulipokuwa.

Mkizungumziwa nyinyi peke yenu, hata hivyo, haki haitakuwa imetendeka. Wazazi wenzangu, nanyi sogeeni.

Nyinyi mnaosema "atakua", nawajua. Tumelelewa nyumba moja. Tulivaa viatu vya shule vilivyonunuliwa Januari na kututosha Novemba, vikiwa na pamba mbele, na tulitembea navyo, tukaruka kamba navyo, na tuko hai. Naheshimu hesabu hiyo. Pea mpya ya viatu vigumu hupita yuro 100 bila kutoka jasho, na mguu wa mtoto hauulizi mshahara umeingia lini. Lakini kiatu cha shule kazi yake ni kufika shule. Hiki mtoto anaruka nacho juu, anatua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, mguu mmoja, tena na tena, na soli laini haina mto wowote wa kumpokea. Mguu unaoteleza ndani wakati wa kutua unajishika kwa vidole, kifundo kinayumba, na maumivu ya kisigino au ya mifupa ya mbele ya mguu, ambayo wachezaji hawa wanayajua hata katika viatu vinavyowatosha, yanakaribishwa kwa kadi ya mwaliko. Anayetaka kuokoa fedha anunue vilivyotumika. Kwenye feis, hayo mashindano yao, viatu vya mtumba vinauzwa kila pembe, na vingine vimechezewa msimu mmoja tu kabla mwenyewe hajavipita. Chunguza ncha kama haijapasuka, tia mkono ndani uone soli imekaaje, kisha mvishe mtoto asimame. Vilivyotanuka kwa mguu mpana havitarudi kuwa vyembamba kwa heshima yako.

Wapo pia wazazi wa upande wa pili, ambao kwa jicho la jukwaani wanataka kiatu kidogo kuliko mguu, kwa kuwa wamesikia kwamba kiatu lazima kibane. Kubana ni kushika mguu kote sawasawa. Kidole gumba chenye ukucha mweusi hakikubanwa, kimegongwa. Na msimuulize mtoto kama kinamuuma. Mtoto anayeipenda dansi hii atakwambia hakiumi hata akiwa anasimama kwa ubavu wa mguu. Mvue kiatu na soksi baada ya robo saa ya mazoezi, utazame: mstari mwekundu unaofifia upesi si neno; malengelenge, vidole vyenye alama ya kupandana, kisigino kilichochubuka, hayo ndiyo majibu. Vidole havijajifunza kusema uongo.

Nirudi kwenu, waheshimiwa, kwenye kanuni yenu ya kurudisha bidhaa, ambayo kwa ufundi inalishinda hata jedwali. Kiatu kinapokelewa kama hakijachezewa na soli haina alama. Vema. Ila kiatu cha dansi hakijulikani kama kinatosha mpaka kichezewe, na kikichezewa soli ina alama. Mzazi anabaki amesimama na mtoto juu ya zulia sebuleni, akimwomba aruke kwa adabu. Nasema haya bila kinyongo. Mtu aliyeitunga kanuni hiyo angefaa sana kwenye bima.

Maombi yangu si makubwa. Andikeni kwenye kila kiatu urefu wa mguu unaokifaa, kwa milimita. Hili halihitaji uvumbuzi: upo mfumo wa kimataifa wa ISO 9407, unaoitwa Mondopoint, unaotaja urefu wa mguu wenyewe kwa milimita, na wanaotengeneza viatu vya kutelezea thelujini na mabuti ya jeshi wanautumia. Askari akipewa buti kwa milimita, mchezaji wa slipu-jigi naye ana haki hiyo. Pili, upana. Herufi zenu za upana kila nyumba ina zake. Andikeni mzunguko wa mguu mahali penye vifundo vya vidole, tutapima kwa uzi. Tatu, mnapokuja kuuza kwenye feis, pamoja na meza nzuri na taa, leteni ubao wa mita moja wa kugongea na kiti cha kukalia mama. Mtoto apige hatua chache kwenye ubao, nyinyi msikilize kama mlio ni mmoja au miwili. Mna masikio mazuri kuliko yangu. Na ule mstari wa "muulize mwalimu wako" uacheni ulipo, kwa kuwa ndio pekee kwenye karatasi usio na kasoro. Walimu wanautazama mguu. Ila upandisheni juu, uwe wa kwanza.

Mkiona vema kunijibu kwa kiatu cha mfano, sitakataa. Binti yangu ana milimita 218 mguu wa kulia na 221 wa kushoto, amepimwa jioni, amesimama, na soksi zake za mapovu. Namba mtakayomwita nawaachieni wenyewe.

Wasalaam,
Mama mzazi, Dublin